Simu kwa bingwa wa mishipa ya fahamu: mwongozo kwa daktari wa wilayani, Kanda ya Ziwa

Ukiwa Nansio, Ngudu, Sengerema au kituo cha afya cha kisiwani, bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu yuko mbali nawe kwa barabara, kwa maji, au kwa vyote viwili. Kwa simu yuko karibu. Hata hivyo simu nyingi huishia kwenye jibu moja tu, "mlete Mwanza", na mara nyingi si kosa la bingwa. Aliyepiga hakumpa kitu cha kufikiria. Mgonjwa anavuka ziwa, ndugu wanauza mbuzi wapate nauli na hela ya malazi, kisha anarudi na dawa ambayo ilikuwa kwenye kabati la hospitali ya wilaya siku zote.

Mwongozo huu ni wa daktari, daktari msaidizi na tabibu anayepiga. Simu kwa bingwa hujibu vizuri maswali matatu: nifanye nini sasa hivi, nimtibu hapa au nimpe rufaa, na kama ni rufaa, aende lini na akiwa ameandaliwa vipi. Swali la "huyu ana nini?" halijibiki ikiwa hakuna aliyemkagua.

Kisichongoja simu

Anayetetemeka zaidi ya dakika 5 anapewa diazepamu kwanza, simu baadaye. Kwenye mshipa ni 0.2 hadi 0.3 mg/kg polepole, isizidi 10 mg. Mshipa ukikataa, 0.5 mg/kg kupitia njia ya haja kubwa. Ikishindikana, rudia mara moja baada ya dakika 10 hivi. Dozi ya tatu usiiguse: hapo ni fenobabito au fenitoini, 15 hadi 20 mg/kg. Fenitoini ichanganywe na maji ya chumvi, kamwe si ya sukari kwa sababu huganda ndani ya mpira, na kwa mtu mzima isizidi 50 mg kwa dakika, la sivyo presha inaporomoka na moyo unapoteza mpangilio. Fenobabito juu ya diazepamu mbili inaweza kusimamisha pumzi, hivyo ambu (mfuko wa kumpulizia hewa) iwe mkononi, si stoo.

Pima sukari kwa kila aliyepoteza fahamu au anayetetemeka. Mtoto mwenye sukari ya chini hupewa sukari ya 10%, 5 ml/kg. Kama una ya 50% pekee, chukua sehemu 1 uichanganye na sehemu 4 za maji ya sindano. Mtu mzima, 50 ml ya 50% kwenye mshipa mkubwa. Kwa mnywaji wa kupindukia au aliyedhoofika kwa njaa, mpe thayamini 100 mg pamoja nayo.

Homa na shingo iliyokakamaa, au homa na kuchanganyikiwa: antibiotiki ya seftriaksoni. Mtu mzima 2 g kila saa 12, mtoto 50 mg/kg kila saa 12. Kama huwezi kutoa maji ya uti wa mgongo mara moja, choma dawa kwanza. Na hapa kuna mtego wa ukanda huu: MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) yenye mistari miwili haifuti homa ya uti wa mgongo. Watoto wengi wa kandokando ya ziwa hubeba vimelea vya malaria bila kuugua navyo. Mtoto asiyejitambua apewe atesuneti ya malaria na seftriaksoni, vyote viwili, mpaka ushahidi uondoe kimojawapo.

Mjamzito wa zaidi ya wiki 20, au aliyejifungua karibuni, akianza kutetemeka, simu ya kwanza ni ya wakunga na daktari wa uzazi. Magnesiamu salfeti 4 g kwenye mshipa kwa dakika 5 hadi 20, kisha 5 g kwenye kila tako. Usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga ni namba 115, bila malipo.

Karatasi ya mezani

Andaa karatasi moja iliyobandikwa ukutani karibu na simu ya zamu. Ukaguzi wake unachukua kama dakika 10. Umri, uzito halisi (pima, usikisie, kwa sababu kila dozi itakayotajwa itategemea kilo), joto, presha, mapigo, pumzi, oksijeni, sukari, hali ya VVU na dawa anazotumia, ujauzito. Kisha mambo yafuatayo, ambayo ndiyo hukosekana.

Fahamu: toa alama za Glasgow (GCS, kipimo cha fahamu) kwa vipande, usitoe jumla. "GCS 9" haisemi kitu. "Macho 2, sauti 2, mwendo 5" inamwonyesha bingwa mgonjwa anayeshika mkono wa anayemfinya. Mtoto asiyejua kuongea bado, tumia kipimo cha Blantyre, 0 hadi 5. Pima tena baada ya nusu saa, kwa sababu alama inayoshuka ina uzito kuliko alama ndogo iliyotulia.

Mboni: tochi ya simu inatosha. Sema ukubwa wa kila moja na kama inasinyaa. Mboni moja kubwa isiyosinyaa kwa mgonjwa anayezidi kusinzia ni simu ya sasa hivi, hata saa nane za usiku.

Nguvu: mikono miwili, miguu miwili, 0 hadi 5. Daraja 3 ni anayeinua kiungo kitandani lakini ukikisukuma kidogo kinaanguka. Usiandike "amepooza": kupooza kwa daraja 0 na kwa daraja 4 ni magonjwa tofauti na safari tofauti.

Rifleksi za goti na kisigino, na unyayo: ukiukwaruza, kidole gumba kinashuka au kinapanda? Kama huna nyundo, ukingo wa mpira wa stetoskopu unafanya kazi. Kwa hisia, vunja kijiti cha ulimi, tumia ncha yake kupanda kutoka mguuni hadi kifuani, uulize wapi inabadilika. Mstari wa tumboni unaosema "chini ganzi, juu sawa" ni habari kubwa kuliko kipimo chochote cha maabara utakachotaja. Sindano ya kuchomea dawa usiitumie kwa kazi hii.

Mwisho, mtembeze, kama anaweza. Nusu ya maswali ya kizunguzungu, ya miguu mizito na ya "anaanguka ovyo" hujibika mgonjwa akitembea hatua kumi na kugeuka. Ni kipimo cha bure kinachorukwa kuliko vyote, labda kwa sababu wodi imejaa na hakuna pa kutembelea. Mtoe barazani.

Muda wa ugonjwa

Bingwa atauliza kabla ya yote: ilianzaje? Jibu lake ni moja kati ya manne. Ghafla, kwa sekunde au dakika: mshipa wa damu au kifafa. Kwa saa hadi siku: maambukizi, sumu, au mishipa ya fahamu iliyoshambuliwa na kinga ya mwili. Kwa majuma: TB, fangasi wa ubongo kwa mwenye VVU, kitu kinachobana uti wa mgongo, kichocho. Kwa miezi au miaka: uvimbe unaokua polepole, au ugonjwa wa kuchakaa. Familia ikisema "ghafla", chimba. Mara nyingi ghafla ni siku aliyoshindwa kuinuka, lakini alianza kujikwaa majuma matatu nyuma.

Kwa kiharusi, tafuta mara ya mwisho alipoonekana mzima. Mvuvi aliyelala mzima saa nne usiku akaamka saa kumi na moja alfajiri mkono umelegea, saa yake huanza saa nne usiku, si alfajiri. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 4.5 tu, tena baada ya CT-scan, kwa hiyo wengi wa visiwani watakuwa nje ya muda. Sema hivyo mapema ili mazungumzo yahamie kwenye kinachowezekana: kichwa kiinuliwe nyuzi 30, asile wala kunywa mpaka ajaribiwe maji kidogo akiwa ameketi, asipirini isubiri CT-scan au neno la bingwa, na presha isishushwe kwa pupa. Ikiwa chini ya 220/120, kwa kawaida huachwa siku ya kwanza kama hapati dawa ya kuyeyusha donge. Nifedipini chini ya ulimi imewamalizia watu ubongo uliokuwa bado unaokoka.

Kwenye rufaa andika saa kwa tarakimu za saa 24. "Saa 2" ya daktari mmoja ni 20:00, ya mwingine ni 02:00, na kwa kiharusi tofauti hiyo inaamua tiba.

Simu yenyewe

Kwenye simu ya dharura, shikamoo inatosha. Habari za nyumbani zitangoja, na hakuna bingwa atakayekuona huna adabu. Swali liwe sentensi ya kwanza, kwa sababu anayesikiliza atapanga kila utakachosema baadaye kulizunguka hilo. Mfano:

"Shikamoo dokta. Ni daktari wa zamu, hospitali ya wilaya. Nauliza kama nimsafirishe usiku huu au asubuhi. Mwanaume miaka 34, kilo 58, mvuvi, hana VVU, amepima leo. Majuma mawili maumivu ya kiuno, siku nne miguu inalegea, tangu jana mkojo hautoki. Mikono 5, miguu 2 yote miwili. Rifleksi za goti ziko juu, unyayo unapanda. Ganzi kuanzia kitovuni kushuka. Nimeweka mpira wa mkojo, zimetoka 900 ml. Presha na sukari kawaida. Kivuko kingine ni asubuhi, boti ya kukodi ipo lakini upepo ni mkali."

Haimalizi dakika moja. Ndani yake kuna umri, muda, eneo la tatizo, kilichofanyika, na usafiri. Hilo la mwisho husahaulika, wakati bingwa aliye Bugando, hospitali ya rufaa jijini Mwanza, hana namna ya kujua ratiba ya kivuko wala hali ya ziwa. Akisema "mlete haraka" bila kujua kwamba haraka maana yake ni mtumbwi usiku, ametoa ushauri nusu.

Ukipewa dozi, irudie kwa sauti: jina la dawa, miligramu, njia, mara ngapi, siku ngapi. Mtandao ukikatika katikati ya namba, "kumi na tano" huweza kusikika "kumi" tu. Uliza pia swali moja la ziada kabla ya kukata: "Nikiona nini nikupigie tena?" Kisha andika kwenye faili tarehe, saa, jina la uliyeongea naye, ulichomwambia na alichoshauri. Ushauri wa simu usioandikwa hautolewi zamu, na mwenzako wa asubuhi atapiga upya kuuliza jambo lile lile. Anayemtibu bado ni wewe. Ushauri usiolingana na unachokiona kitandani, sema hapohapo.

Miguu iliyolegea, kandokando ya ziwa

Sehemu hii inastahili nafasi kubwa kwa sababu hapa ndipo simu huokoa miguu ya mtu.

Swali la kwanza: ni uti wa mgongo au ni mishipa ya nje? Ganzi yenye mstari, mkojo kuziba mapema na rifleksi zilizo juu huelekeza kwenye uti. Rifleksi zilizopotea, udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda mikononi na mkojo unaotoka vizuri huelekeza kwenye mishipa, kama ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili huishambulia. Tahadhari: uti uliojeruhiwa siku hizo za mwanzo unaweza kuwa mlegevu bila rifleksi. Mkojo na mstari wa ganzi viwe na kura nzito zaidi.

Kama ni uti: gonga mgongo pingili kwa pingili. Maumivu ya sehemu moja au kibiongo kidogo, pamoja na kukonda na homa za jioni, ni TB ya uti mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa kijana anayeingia ziwani kila siku, mvuvi, mchota maji, mtoto anayeogelea, fikiria kichocho. Mayai ya kichocho cha tumbo, ambacho ndicho cha Ziwa Victoria, huweza kufika kwenye ncha ya chini ya uti na kuleta uvimbe. Picha yake ni maumivu ya kiuno na miguu, kisha udhaifu na mkojo kuziba, kwa siku hadi majuma. Choo kisicho na mayai hakikiondoi. Tiba yake ni prazikwanteli pamoja na steroidi, na steroidi ndiyo inayopunguza uvimbe haraka, hivyo bingwa anaweza kukuambia uianze kabla mgonjwa hajasafiri.

Kabla hujaanza, mwambie bingwa mambo mawili. Je, mgonjwa amewahi kutetemeka, au ana vinundu vigumu chini ya ngozi? Prazikwanteli kwa mwenye viluwiluwi vya minyoo ya nguruwe ubongoni inaweza kuamsha degedege. Na je, amepewa dawa za minyoo karibuni? Minyoo aina ya strongiloidi huweza kusambaa mwilini mtu akianza steroidi.

Kama ni mishipa ya nje, hofu ni pumzi. Mwambie avute pumzi moja ndefu ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena. Vitabu hutaja kufika 20, lakini hesabu ya Kiswahili ina silabi nyingi zaidi, kwa hiyo mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe: kama saa sita alifika 22 na saa nane anaishia 13, usingoje asubuhi. Oksijeni kwenye kidole hushuka mwishoni kabisa, isikutulize. Steroidi haisaidii Guillain-Barré.

Mtoto wa chini ya miaka 15 mwenye kiungo kilicholegea ghafla huripotiwa kwa mratibu wa chanjo wa wilaya siku hiyohiyo, hata kama una uhakika si polio. Sampuli mbili za choo, tofauti ya saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea, zikiwa kwenye baridi. Sampuli iliyochelewa au iliyofika moto haina thamani.

Kutoka vijiji vya pamba, Kwimba na Magu, usisahau sumu ya dawa ya kunyunyizia wadudu. Mboni ndogo kama nukta, mate, jasho, misuli inayochezacheza: atropini, na simu iende kwa timu ya dharura.

Kifafa kisichotulia

Simu hizi si za usiku. Ziandikie ujumbe wa mchana, lakini ujumbe uwe na vitu: ilianza umri gani, aliyeshuhudia anasemaje (siyo mgonjwa, yeye hakuwepo), mara ngapi kwa mwezi, dawa gani, miligramu ngapi, kwa muda gani, na siku ngapi dawa ilikosekana. Video ya sekunde 30 iliyochukuliwa na ndugu kwa simu yake inashinda ukurasa mzima wa maelezo.

Mara nyingi "dawa imeshindwa" ni dozi ndogo. Mtu mzima anayepewa fenobabito 30 mg usiku hajatibiwa bado, kwa kawaida huhitaji 60 hadi 180 mg. Dawa hii huchukua majuma mawili hadi matatu kutulia mwilini, kwa hiyo kuibadilisha baada ya siku tano ni kupoteza muda. Kuisimamisha ghafla, hata kwa sababu duka limeishiwa, huleta degedege lisilokoma. Kabamazepini inaweza kuzidisha aina ya kuduwaa na ya kushtukashtuka asubuhi. Valproeti epuka kwa msichana na mwanamke anayeweza kushika mimba.

Kwa mwenye VVU anayetumia TLD (kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani), kabamazepini, fenitoini na fenobabito hushusha kiwango cha dolutegraviri. Kwa kabamazepini hurekebishwa kwa kuongeza dolutegraviri iwe 50 mg mara mbili kwa siku. Kwa hizo nyingine muulize bingwa dawa mbadala. Dawa hizohizo tatu hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba ni salama zaidi kwa mwanamke huyo.

Na mwambie mgonjwa waziwazi: ziwani asiingie peke yake, wala mtumbwi asipande bila mwenzake, mpaka atulie.

Picha, video na siri ya mgonjwa

Filamu ya CT-scan ibandike kwenye ubao wa mwanga au dirisha lenye anga nyeupe, zima flashi, piga karatasi nzima kwanza kisha kila safu kwa karibu. Jina lisionekane, lakini alama ya kushoto na kulia na tarehe vibaki. Picha iliyopigwa kwa pembeni ikiwa na mwako wa taa katikati ndiyo huleta majibu ya "sioni vizuri, mlete".

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ni taarifa nyeti. Omba ridhaa ya mgonjwa au ndugu, iandike kwenye faili, tuma kwa bingwa mmoja na si kwenye kundi la watu mia, na ufute kwenye simu yako baada ya jibu kunakiliwa. Uso wa anayetetemeka haufichiki kila mara, maana macho na mdomo ndivyo vinavyotazamwa, hivyo ridhaa hiyo isiwe ya kulazimisha.

Wanaoipanga huduma

Namba iwe ya zamu, simu moja inayokabidhiwa mkono kwa mkono, si namba ya mtu. Bingwa akienda likizo na simu yake, huduma inakufa kimya na wilayani hawajui. Simu iwe na laini mbili za mitandao tofauti, kwa kuwa kisiwa kimoja hupata huu na kingine ule, na vocha yake iwe kwenye bajeti, kwani anayepiga akiishiwa salio katikati ya maelezo lazima apigiwe.

Tenganisha saa: dharura wakati wote, ushauri wa kawaida muda maalumu wa mchana, ujumbe ujibiwe kabla ya siku ya pili kuisha. Weka daftari la simu zinazoingia: wilaya, swali, ushauri, na safu ya mwisho iliyo tupu kwa ajili ya matokeo. Mtu mmoja apige kila Ijumaa kujaza safu hiyo. Rufaa iliyokubaliwa nayo iandikwe hapo pamoja na saa anayotarajiwa kufika. Saa hiyo ikipita bila mgonjwa kuonekana mapokezi, anayepiga simu ni hospitali ya rufaa, kwenda wilayani, kuuliza kama amekwama kivukoni au familia imeamua kubaki naye nyumbani.